Nimehama kampuni tatu za intaneti, fundi aliyekuja ni yuleyule. Huu ni ushindani gani?

#1 NjiaNane
Wakuu, salaam.

Ndani ya miaka minne nimehama kampuni tatu za intaneti ya nyumbani. Kila nilipohama nilisaini mkataba mpya, nikapewa ruta mpya na namba mpya ya huduma kwa wateja. Tatizo likabaki lilelile: mvua ikinyesha, laini inakata. Na kila nilipolalamika lilikuja gari lilelile na fundi yuleyule, mwenye kovu kwenye kidole gumba. Alifungua boksi lilelile la ukutani, akagusa skrubu mbili kwa kipimo chake, akasema maneno yaleyale: "Humu ndani kuko sawa, shida iko mbele." Mara ya tatu tulisalimiana kwa majina.

Nikamuuliza ameajiriwa na nani. Akasema na mwenye waya, na hao watatu wote wanakodi kwake. Na mwenye waya naye anauza intaneti kwa jina lake, tena kwa bei ya chini kuliko wote niliowahi kuwalipa.

Sasa naomba mnisaidie. Mtu anayekupangisha fremu ya duka, anayekuuzia mzigo wa jumla, na ambaye ana duka lake mlango wa pili, unashindana naye vipi? Msimamo wangu: mwenye waya asiruhusiwe kabisa kuuza rejareja. Nawasilisha.

#2 Tulizana
Nimekaa mkao wa kusoma. Wajuvi njooni.

#3 NguzoYangu
Mleta mada, waya ule una mtu aliyeuvuta. Alikopa, akachimba, akasimamisha nguzo, akangoja miaka fedha irudi. Hao watatu wako wamekuja na nembo na ruta. Ukimlazimisha agawane nao kwa bei ya kupangiwa, nani atakayevuta waya mwingine? Ushindani wa kweli ni kila mtu na mtandao wake. Asiyeridhika avute wake.

#4 Mzee_Simu
Hilo la "avute wake" lilishajaribiwa, NguzoYangu. Hataza (haki za pekee za uvumbuzi) za kampuni ya simu ya Bell kule Marekani ziliisha 1893 na 1894, na kampuni huru za simu zikaota kwa maelfu. Bell ikakataa kuunganishwa nazo. Bei zilishuka, hilo nakubali. Lakini mfanyabiashara aliyetaka kufikiwa na wateja wote alilazimika kuweka simu mbili mezani, moja ya kila mtandao, na kulipa mara mbili. Mliokuwa upande huu hamkuweza kuzungumza na walio upande ule, hata kama nyumba zenu zinatazamana.

Desemba 1913, AT&T (kampuni mama ya Bell) ikihofia mkono wa serikali, iliandika barua ya kuahidi kuuza hisa zake za kampuni ya telegrafu ya Western Union na kuzifungulia kampuni huru laini zake za masafa marefu. Barua ile inajulikana kwa jina la makamu wa rais wa kampuni aliyeisaini, Kingsbury. Ndipo wateja wa kampuni huru wakaanza kupiga simu za mbali kupitia laini za Bell.

#5 kijana_wa_faiba
Shikamoo mzee. Naomba kusahihisha kidogo. Barua ile ilihusu masafa marefu tu. Haikuilazimisha Bell imuunganishe mpinzani wa mji uleule, ambako ndiko ugomvi ulikokuwa. Baada yake makampuni yaligawana maeneo badala ya kushindana, na Bell ikabaki jitu hadi ilipovunjwa Januari 1, 1984.

#6 Mzee_Simu
Marahaba mwanangu, uko sahihi, nililiacha jambo kubwa. Na linamhusu mleta mada: kuunganishwa ni kitu kimoja, kushindana ni kingine. Mnaweza kupigiana simu vizuri kabisa na bado mteja hana pa kuhamia.

#7 Wakili_wa_Zamu
Tunachanganya madai matatu hapa, na kila moja lina historia yake.

La kwanza ni kuunganishwa: simu ya kwako ifike kwa mteja wangu. Hili halina mbishi siku hizi, mabishano yamebaki kwenye bei. La pili ni kukodi kipande cha mtandao wangu, hasa ile laini ya mwisho kutoka kituo cha simu hadi nyumbani kwa mteja. La tatu ni kutobagua: nikikukodishia, nikutendee kama ninavyoitendea idara yangu ya mauzo.

Kisa cha NjiaNane ni la tatu. Jibu la NguzoYangu ni la pili. Mnapishana njiani.

Wazo la kumlazimisha mwenye kitu asichoweza mwingine kukijenga halikuanzia kwenye simu. Mwaka 1912 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya reli za St. Louis. Kundi la kampuni lilishika madaraja na stesheni za kuvukia Mississippi, na mahakama ikaamuru wenzao waingizwe kwa masharti ya haki. Kwenye simu, sheria ya Marekani ya 1996 ilimtaka mwenye mtandao akodishe vipande vyake kimoja kimoja. Ulaya walipitisha kanuni yao ya laini ya mwisho Desemba 2000. Marekani wenyewe wakaanza kurudi nyuma kuanzia 2003, na kufikia 2005 intaneti ya waya wa simu ilikuwa imetolewa kwenye wajibu mwingi wa kugawana.

#8 NguzoYangu
Na walirudi nyuma kwa sababu waliona kampuni haziwekezi. Umejijibu mwenyewe.

#9 Wakili_wa_Zamu
Hiyo ndiyo sababu iliyotolewa. Wapo waliosema kilichobadilika ni waliokaa kwenye viti vya mdhibiti. Tazama Japani. Ililazimisha laini za shaba za NTT, kampuni yao kuu ya simu, zigawanywe, mshindani wake Softbank akaingia 2001 kwa bei iliyowashtua wote, na bado Japani ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kusambaza faiba (nyuzi za kioo zinazobeba mwanga) majumbani. Korea Kusini nayo ilifika mbali huku kampuni zake zikishindana zaidi kwa kila mmoja kujenga mtandao wake. Ukitaka ushahidi wa upande wako utaupata, nami wa kwangu nitaupata.

#10 Mama_Ruta
Naomba niseme yaliyonikuta, kwa sababu hapa watu wanaongea juu ya nchi, na mimi niliyaishi.

Nilikuwa na kampuni ndogo ya intaneti, wateja mia nne na kidogo. Nilikodi laini kwa mwenye waya, simtaji. Bei yake ya jumla kwangu na bei yake ya rejareja kwa mteja zilikaribiana mno. Nikishalipa laini sikubakiwa na cha kumlipa hata kijana mmoja wa kupokea simu. Nilivumilia, nikasema nitashinda kwa huduma. Nikawa nawajua wateja kwa sauti.

Kilichonivunja moyo ni kingine. Nikipata mteja mpya, najaza fomu ya kuomba laini: jina, anwani, namba ya simu, tarehe anayotaka. Fomu inakwenda kwa mwenye waya, maana hakuna pengine pa kuipeleka. Basi mteja mmoja, mama mtu mzima, akanipigia siku iliyofuata akiwa amechanganyikiwa: "Mwanangu, mbona wenzako wamenipigia wananipa miezi mitatu ya bure?" Hakuwa ameongea na mtu yeyote isipokuwa mimi. Ikatokea tena, na tena. Nilikuwa namtafutia mshindani wangu wateja, na kumjazia fomu.

Nilifunga. Sikushindwa kazi. Nilishindwa kwa sababu mlango wangu wa kuingilia ulikuwa sebuleni kwake.

#11 Tulizana
Pole sana dada. Hilo la fomu limeniumiza.

#12 Wakili_wa_Zamu
Mama_Ruta, pole. La kwanza ulilolitaja, jumla na rejareja kukaribiana, ni kosa linalotambulika: mwenye mtandao anambana mshindani katikati ya bei mbili. Mwaka 2003 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Deutsche Telekom ya Ujerumani faini ya euro milioni 12.6 kwa hilo. Kuna kipindi bei yake ya jumla ilizidi hata ya rejareja. Mwaka 2007 ikawa zamu ya Telefónica ya Hispania, karibu euro milioni 152.

#13 NguzoYangu
Basi sheria ipo na inauma. Hakuna haja ya kuivunja kampuni ya mtu vipande.

#14 Mama_Ruta
Ndugu yangu NguzoYangu, hesabu miaka. Kosa la Telefónica lilianza 2001, faini ikaja 2007, rufaa ya mwisho ikaisha 2014. Ya Deutsche Telekom iliamuliwa 2003, ikafika mwisho 2010. Mimi nilikuwa na akiba ya miezi mitano. Faini inakwenda serikalini, wateja wangu wanabaki kwa aliyetozwa.

#15 FundiFremu
Nimefanya kazi ndani ya kituo cha simu miaka kumi na moja. Ngoja niwaonyeshe kile ambacho wengi hawajawahi kukiona.

Ukiingia, unakuta fremu, ukuta wa chuma unaozidi urefu wa mtu. Upande mmoja zinaingia nyaya zote kutoka mitaani, jozi kwa jozi, kila jozi nyumba moja. Upande wa pili ni mitambo. Katikati fundi anaunganisha kwa mkono kwa kipande cha waya chembamba. Mteja akihama kampuni, kinachotokea ni hicho tu: nakata kipande kinachokwenda kwenye mtambo wetu, navuta kipya hadi kwenye mtambo wa mshindani, nakibana kwa kifaa, kinalia "tak". Ukiwa na mazoea ni kazi ya dakika chache.

Mitambo ya mshindani iko wapi? Humohumo, kwenye kizimba cha wavu kilichofungwa kufuli. Anatulipa pango la sakafu, umeme, kiyoyozi, na wakati mwingine mtu wa kumsindikiza kila anapoingia. Sasa jiulizeni: dakika chache za kazi zilichukuaje wiki tatu? Hakuna aliyeniambia nichelewe. Karatasi za wateja wetu ziliwekwa juu, za kwao chini. Ilitosha.

Lakini NjiaNane, kwenye hoja yako ya kutenganisha sikubaliani nawe. Laini inayokata wakati wa mvua ina jointi (kiungo cha nyaya) iliyoingia maji mahali fulani ardhini. Mtenganishe mwenye waya na duka lake mara kumi, jointi itabaki kwenye maji. Shida yako ni kwamba hakuna anayetengewa fedha za kuchimbua shaba iliyochoka, kwa sababu mwenye waya anataka kuiondoa. Fundi mwenye kovu anajua hivyo. Anabadilisha jozi, unapata nafuu hadi mvua nyingine.

#16 NjiaNane
FundiFremu, asante sana. Ila umenipa silaha mwenyewe. Karatasi za wateja wenu juu, za wengine chini. Kama mwenye fremu hana wateja wake wa rejareja, ataziweka juu zipi?

#17 FundiFremu
Hapo umenishika. Kwa karatasi, uko sawa. Kwa jointi, nabaki na neno langu.

#18 kijana_wa_faiba
Kutenganisha kumefanyika kwa viwango tofauti, tusiseme kama ni kitu kimoja. Uingereza, kampuni kuu ya simu, BT, ilikubaliana na mdhibiti 2005, na Openreach ikaanza Januari 2006 kama idara ya waya inayojitegemea ndani ya kampuni ileile, yenye wajibu wa kuwahudumia wote sawa. Malalamiko hayakuisha, ikabidi 2017 wakubaliane iwe kampuni kisheria, ingawa mmiliki bado ni kundi lilelile la BT. New Zealand walikwenda hadi mwisho: 2011 kampuni ya simu ya Telecom ikakatwa, Chorus ikachukua waya na kuzuiwa kuuza rejareja, upande wa pili ukabaki na wateja na leo unaitwa Spark. Anachotaka mleta mada kipo, na hakijaua uwekezaji: Chorus ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya faiba ya nchi ile.

#19 NguzoYangu
Kwa fedha za mkono wa serikali. Malizia sentensi.

#20 kijana_wa_faiba
Kweli, kulikuwa na fedha za serikali, na kutengana lilikuwa sharti la kushiriki. Hilo nalo ni funzo kwa upande wangu: anayelipa ndiye mwenye uwezo wa kudai.

#21 Mchimbaji
Nyie mnabishania nyaya. Mimi navuta faiba, na nawaambia waya ni kitu cha bei nafuu. Ghali ni shimo, nguzo na kibali. Mkitaka ushindani, gawaneni mabomba ya chini ya ardhi na nguzo, halafu kila mtu aweke nyuzi zake. Mnapata anachotaka NguzoYangu na anachotaka NjiaNane kwa pamoja.

Ila kwenye nguzo ndiko michezo ilipo. Nguzo ina nyaya za kampuni nne, zimepangana kwa urefu, na mgeni anahitaji nafasi. Kila mwenye waya anatakiwa aje mwenyewe asogeze wake, kwa zamu. Wa kwanza anakuja baada ya mwezi. Wa pili anasema hakupata taarifa. Nimewahi kukaa na vijana sita na roli la nyaya tukingoja mtu mmoja asogeze waya mmoja kwa urefu wa mkono. Alipofika alitumia muda mfupi kuliko tuliotumia kunywa chai. Marekani wameliona hilo, na mwaka 2018 tume yao ya mawasiliano ikaruhusu fundi mmoja aliyeidhinishwa asogeze nyaya zote kwa mara moja kwa kazi nyepesi. Kabla ya hapo, mji wa Louisville ulipopitisha utaratibu kama huo uliburutwa mahakamani na AT&T. Mji ulishinda 2017.

#22 Tulizana
Na Google Fiber, huduma ya intaneti ya Google, iliyokuwa inangoja nguzo hizo Louisville ikaondoka 2019, sivyo?

#23 Mchimbaji
Iliondoka, ila si kwa sababu ya nguzo. Walijaribu kuzika nyaya kwenye mifereji yenye kina kidogo mno barabarani, kiraka kikabanduka, nyaya zikatokeza. Kina, ndugu zangu. Kina hakina njia ya mkato.

#24 FundiFremu
Naunga mkono hoja ya Mchimbaji, na ninaongeza jambo litakalowasikitisha wapenzi wa kukodi: teknolojia yenyewe inafunga mlango. Shaba ilikuwa rahisi kugawana kwa sababu kila nyumba ina jozi yake. Walipotaka kuipa kasi, wakaleta mbinu ya kufuta kelele zinazovuja kati ya jozi jirani. Mbinu hiyo inataka mtambo mmoja uongoze jozi zote za kabati la mtaani. Ukimpa mshindani jozi kumi humo ndani, hesabu inaharibika. Basi mdhibiti akaambiwa: kasi au ushindani, chagua.

Faiba ndiyo kabisa. Mara nyingi uzi mmoja unatoka kituoni, unafika kwenye kigawanyio cha mwanga, unagawanyika kwa nyumba 32 au 64. Huwezi kukodi uzi wa NjiaNane peke yake kwa sababu hadi pale kwenye kigawanyio hauko peke yake. Mshindani anauziwa huduma iliyokwisha kupikwa: kasi, muda wa kuchelewa, ukomo, vyote vimeamuliwa na mwenye mtambo. Anabaki kubandika nembo.

#25 kijana_wa_faiba
Hapo ni uamuzi wa ujenzi, mkuu, sio maumbile. Stokab, kampuni ya jiji la Stockholm iliyoanzishwa 1994, inakodisha nyuzi tupu zisizo na mwanga. Haiuzi intaneti kwa mtu. Mpangaji anaweka mtambo wake pande zote mbili na kuamua kila kitu mwenyewe. Ukitoa kila nyumba uzi wake hadi kituoni, kugawana ni rahisi kuliko hata shaba. Ni nyuzi nyingi zaidi tu, na Mchimbaji ametuambia waya si ghali.

#26 Mchimbaji
Usininukuu nusu, kijana. Nyuzi nyingi zinataka bomba pana, na bomba pana linataka shimo pana.

#27 Mzee_Simu
Mnanikumbusha ugomvi wa simu yenyewe. Zamani AT&T ilikataza mteja kuchomeka chochote kisicho chao. Kulikuwa na kikombe cha kufunika mdomo wa simu ili jirani asisikie mazungumzo, nacho kikapigwa marufuku hadi mahakama ilipokiruhusu 1956. Wakasema kinahatarisha mtandao. Kikombe! Mwaka 1968 ikaamuliwa kesi ya kifaa cha Carter wa Texas, kilichounganisha redio ya upepo na simu, na mlango ukafunguka: chomeka chochote kisichodhuru. Modemu za majumbani zilipita mlango huohuo. Kwa hiyo nikisikia "teknolojia hairuhusu", huwa nauliza ni nani anayesema.

#28 SimuMbili
Nimesoma uzi wote. Mbona kwenye simu za mkononi hamjagusa? Huko kila kampuni ina ukiritimba mdogo hata kama ni changa: anayetaka kunipigia hana budi kupita kwa mtandao wangu. Mkubwa akipandisha ada ya kupokea simu, au akifanya simu za ndani ya mtandao kuwa bure na za nje kuwa ghali, wote wanakimbilia alipo shangazi na mjomba. Ndiyo maana simu zikawa na laini mbili. Zile simu mbili za mezani alizosema Mzee_Simu hapo #4 tumezitia kwenye kifaa kimoja mfukoni.

Kuhama bila kubadili namba kunasaidia, lakini kama bei ya kupiga nje ya mtandao inauma, nitahama na namba yangu niende nayo wapi, wakati ukoo wote umebaki kule?

#29 Wakili_wa_Zamu
SimuMbili umeleta hoja nzito. Mfano wa kutazama ni Ufaransa: Free Mobile iliingia Januari 2012 ikiwa na minara michache, ikapanda mtandao wa Orange kwa makubaliano huku ikijenga wake. Ilikodi kwanza, ikajenga baadaye. NguzoYangu, huyu alikodi na bado akavuta wake.

#30 NguzoYangu
Huo nakubali, kwa sababu kukodi kule kulipangwa kuwa kwa muda na kujenga lilikuwa sharti. Tatizo langu ni mpangaji wa milele.

Ila niwaulize wanaotaka mtandao mmoja wa wote. Meksiko walijaribu: mtandao wa jumla tupu, ulianza 2018, mwenyewe haruhusiwi kuuza rejareja. Mwaka 2021 kampuni inayouendesha, Altán, ilikuwa mbele ya hakimu wa ufilisi. Rwanda nao walimpa mmoja haki ya pekee ya 4G ya jumla kwa makubaliano ya 2013, na baadaye wakaifungua kampuni za simu zijenge zenyewe. Mwenye waya asiye na mshindani anabweteka, awe na duka la rejareja au asiwe nalo.

#31 Mama_Ruta
Hili nalikubali kuliko yote uliyoandika. Mimi sikuwahi kuomba mmiliki mmoja. Niliomba fomu yangu isisomwe na idara ya mauzo.

#32 NjiaNane
Wakuu, mrejesho. Jana mvua, laini ikakata. Leo fundi wetu wa kovu amekuja, nikamwambia maneno ya FundiFremu kuhusu jointi. Akacheka, akanichukua hadi kwenye shimo nje ya ukuta, akainua mfuniko. Maji hadi nusu. Alivuta ile jointi, mfuko mweusi uliofungwa na gundi, akaukamua kama kitambaa. Ndani shaba imegeuka kijani. Akasema hataibadilisha, ameagizwa atubadilishie jozi tu, kwa sababu eneo letu lote linahamishiwa faiba na shaba itazimwa.

Nikauliza: kampuni yangu ya sasa itakuwemo kwenye hiyo faiba? Akasema hajui, kwa sasa yupo mwenye waya peke yake. Nimeletewa na fomu ya kusaini kabisa.

FundiFremu, nifanyeje?

#33 FundiFremu
Usisaini leo. Waulize kwa maandishi: uzi wako unakwenda peke yake hadi kituoni, au mnagawana kwenye kigawanyio? Kampuni nyingine zinaruhusiwa kuweka mtambo wao, au zinauziwa kasi iliyopangwa? Na shaba yako inazimwa tarehe ngapi? Wakikujibu lete majibu hapa.

#34 Mama_Ruta
Na uangalie mkataba unakufunga miezi mingapi.